Samaki Asiyetuliwa na Inzi

Hivi wewe, samaki uliyemla jana, kichwa chake ulikiona?

Usinijibu haraka, fikiri kwanza. Nakuuliza kwa sababu ipo nchi moja, jina silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, yenye ziwa kubwa hata ukisimama ufukweni asubuhi huioni ng'ambo. Ndani ya ziwa hilo samaki wamo, hilo halina ubishi. Ila samaki wanayemla wananchi hatoki humo. Wa ziwani hupanda ndege siku ileile anayovuliwa, akaenda kuliwa na watu wa mbali wasiomjua hata jina. Wa dukani huja kwa meli, ndani ya boksi, mgumu kama tofali, hana kichwa, hana mkia, na hana kwao.

Nimekaa nchi hiyo miaka mingi, nimezaa huko na nimezika huko, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa.

Wanawake wa kule wana desturi moja. Hanunui mtu samaki bila kumfungua shavu. Unaingiza kidole gumba, unafunua, unatazama matamvua. Yakiwa mekundu, unafungua pochi. Yakiwa ya kahawia, unamrudisha kwa mwenyewe na kumpa pole. Kisha unatazama jicho, liwe limejaa na linang'aa, kama linalotaka kukuuliza habari za nyumbani. Kisha unambonyeza ubavu. Nyama ikirudi juu, huyo wa leo. Likibaki shimo, huyo amekwisha fanyiwa arobaini. Na kipimo cha mwisho, kipimo kikuu, ni inzi. Samaki wa kweli hata umpepee kwa kawa, inzi atakuja. Inzi hana chama wala hana mjomba wizarani. Bibi yangu alikuwa akisema, "Alichokikataa inzi, usimpe mwanao."

Sasa huyu wa boksi utamfungua shavu gani? Ukimbonyeza unavunja ukucha. Na inzi, mimi nilimwona kwa macho haya, anazunguka mara mbili, anasita, kisha anakwenda kutua kwenye mche wa sabuni ya kufulia.

Watu wakasema. Serikali nayo ikasikia, maana ni serikali sikivu. Ikasikia ikakasirika.

*

Mambo yalinifikia mimi mwenyewe pale mjukuu wangu Siwema alipojifungua. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, nywele nyingi kama za babu yake kabla hajaoa.

Kule kwetu mzazi siku ya saba hunywa supu ya samaki ili maziwa yashuke. Na supu hiyo hainywewi hivihivi. Lazima aalikwe mgeni wa heshima, mtu mkubwa kuliko wote watakaokuwa mle ndani, naye ndiye hufungua chungu. Kufungua chungu maana yake anakula tonge la kwanza au anakunywa funda la kwanza, watu wote wakimtazama. Alichofungua mgeni ndicho anachokula mzazi. Asipofungua, mzazi anakaa na njaa yake. Kwa nini iwe hivyo sijui. Nami sikuuliza, niliambiwa tu, kama nilivyoambiwa mambo mengine mengi yaliyokuja kuwa kweli.

Mwaka huo Wizara ya Kitoweo na Utulivu wa Matumbo ilikuwa imeanzisha kitu kinaitwa Supu ya Taifa. Kila mzazi anapelekewa boksi moja la samaki wa dukani, na siku ya saba anakuja afisa na daftari kushuhudia. Asiyekula, mtoto wake hapewi cheti cha kuzaliwa. Na mtoto asiye na cheti, kwa sheria za kule, anahesabiwa kuwa bado hajazaliwa, hata kama amekaa mapajani mwako anakuvuta hereni.

Kwa kuwa Wizara inaheshimu mila, iliiingiza desturi yetu ndani ya kanuni, kifungu cha tisa, kwa wino mweusi: *mzazi atakula kilichofunguliwa na mgeni wake wa heshima.* Tulipiga makofi siku iliposomwa redioni. Kanuni nyingine hazikututaja kabisa.

Boksi la Siwema lilikuja siku ya pili. Akalitazama, akanitazama.

"Bibi, hiki ndicho nitakachokunywa mimi?"

"Ndicho, mjukuu wangu."

"Na maziwa atanyonya huyu?"

"Atanyonya huyu."

Alimfunika mtoto kwa upande wa kanga, kama vile boksi lina macho. Basi nikaona ni vizuri nikaulize jambo moja tu, dogo, ambalo hata mtu wa elimu yangu anaruhusiwa kuuliza: samaki huyu katoka wapi?

*

Nilianza kwa Zahoro, mwenye duka lenye friji kubwa pale njia panda. Nilimkuta amekaa juu ya friji lenyewe, anachokonoa meno.

"Zahoro mwanangu, samaki hawa wanatoka wapi?"

"Kwenye friji, bibi."

"Kabla ya friji?"

"Kwenye friji la jumla."

"Na kabla ya hilo?"

Akaacha kuchokonoa. "Bibi, wewe samaki unataka kumla au unataka kumposa? Mbona unauliza ukoo?"

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa amesema vizuri. Kisha nikamwomba boksi nilisome. Lilikuwa na maandishi ya lugha tatu, hakuna hata moja ya kwetu, na picha ya samaki mwenye kichwa anayetabasamu. Tarehe ya kuharibika ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa. Nina ukucha mmoja mrefu wa kuchambulia mchele, nikakibandua. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kingine. Nikakibandua nacho. Chini yake cha tatu. Hiki cha tatu ndicho kilichochapwa kiwandani, na kwa hesabu yake samaki yule aliharibika wakati Siwema yuko darasa la pili.

"Zahoro, huyu amekwisha pita tarehe zake zote."

"Lakini hajanuka, bibi. Samaki gani wa ziwani anakaa miaka yote hiyo asinuke? Huyu ana tabia njema."

"Na wewe nyumbani kwako mnakula huyuhuyu?"

Zahoro akashuka juu ya friji, akaanza kupanga viberiti vilivyokuwa vimekwisha pangwa. "Mke wangu," akasema, "hapatani na samaki. Ni mwili wake tu."

*

Zahoro alinielekeza kwenye Ofisi ya Chimbuko la Samaki, nami nikaenda asubuhi ya siku ya tatu. Afisa wake, kijana nadhifu aitwaye Fidelisi, alikuwa na meza mbili: moja ya kufanyia kazi na moja ya mihuri. Ya mihuri ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza samaki wa Supu ya Taifa katoka wapi."

"Umekuja mahali penyewe." Akanipa fomu.

Niliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Jina la samaki. Jina la baba wa samaki. Wilaya aliyozaliwa. Kazi yake ya zamani. Na chini kabisa: Chimbuko.

"Mwanangu, hapa penye Chimbuko nani anajaza?"

"Mwombaji."

"Mwombaji ni mimi."

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi ndiye niliyekuja kuuliza."

"Ndiyo. Sasa ukishajaza, sisi tunathibitisha. Hatuwezi kuthibitisha kitu ambacho hakijajazwa, hiyo itakuwa ni kubuni, na ofisi hii haibuni."

Niliona ana haki. Nikachukua kalamu, na kwa kuwa nililelewa nisiseme uongo kwenye karatasi ya serikali, penye Chimbuko nikaandika: *Sijui.* Fidelisi akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachagua muhuri wa tatu kutoka kushoto, akaupulizia pumzi, akagonga. Nikatoka na cheti chenye nembo ya nchi na utepe wa buluu. *Chimbuko: Sijui. Imethibitishwa.* Ninacho mpaka leo. Nimekitundika karibu na picha ya harusi.

Mlangoni aliniita. "Bibi, siku ya saba nitakuja mimi na daftari. Mgeni wenu wa heshima ni nani? Kuna mahali pa kumwandika."

Nikamwambia bado nafikiri.

*

Siku ya nne ilikuwa siku ya inzi.

Lazima nikueleze kwamba Wizara ilifanya utafiti, ikagundua kuwa wananchi hawawaamini wataalamu ila wanamwamini inzi. Kamati ikapelekwa ng'ambo miezi miwili kujifunza tabia zake. Iliporudi, ikaja na mitungi ya kioo yenye Inzi wa Serikali, kila mmoja amepakwa kidoti cha kijani mgongoni asije akachanganywa na hawa wa mtaani wasio na mafunzo. Walisema inzi hao wamefundishwa kutua juu ya samaki wa boksi mbele ya umma, na kukaa dakika tatu.

Tulikusanyika uwanjani. Samaki wa boksi walipangwa juu ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Pembeni kulikuwa na hema la wageni waalikwa, lina meza yake, na juu yake masinia yamefunikwa kwa karatasi za rangi ya fedha. Akasimama Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Deogratiusi Mpulumba, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Anaposema unatamani aendelee, hata kama hujui anasema nini.

"Ndugu wananchi," akasema, "inzi wa zamani alikuwa mbinafsi. Alitua pale alipotaka yeye. Inzi wa leo anatua pale taifa linapotaka. Mimi na familia yangu tunamla samaki huyu asubuhi, mchana na jioni. Na niseme jambo moja kuhusu maharage. Wakati wa maharage umekwisha. Maharage ni chakula cha taifa lililokata tamaa. Nikimwona mtu anachemsha maharage, namwona mtu anayeitukana bahari."

Tangu siku hiyo sisi tukawa tunachemsha maharage uani, moto mdogo, mfuniko juu, kama watu wanaoficha mgonjwa.

Basi Waziri akakata utepe, akafungua mtungi. Inzi wakapanda kwa pamoja, wakapita juu ya samaki wa boksi bila hata kupunguza mwendo, wakaingia hemani, wakatua wote juu ya sinia la katikati, kile kidoti cha kijani cha kila mmoja kikionekana vizuri kabisa. Mhudumu mmoja, kwa kutaka kuwafukuza, akavuta ile karatasi ya fedha. Wakaonekana sato wa ziwani, wamekaangwa, wanono, kila mmoja na kichwa chake na jicho lake.

Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Kumbe wengine waliikosa ndege."

Jioni redio ilieleza kwamba inzi wale walikuwa wamehongwa. Walisimamishwa kazi, na badala yao Wizara ikachapa picha ya inzi juu ya kila boksi, rangi nne, amekunja mabawa. Kwa kweli sijapata kumwona inzi aliyetulia vile.

*

Niliporudi nyumbani nilichukua daftari la Siwema la shule, nikachana ukurasa wa kati, nikamwandikia Waziri. Sikuandika maneno mengi. Nilimwambia kwamba mimi ni bibi wa kawaida, mjukuu wangu amejifungua, tunaye samaki wake wa boksi, na hatuna mtu mkubwa wa kutufungulia chungu siku ya saba. Nikaongeza kwamba akija na wapiga picha hatutaona vibaya.

Majibu yalikuja siku ya pili yake, kwa pikipiki: Mheshimiwa atakuja mwenyewe.

Siwema alipoisoma ile barua alikaa kitandani. "Bibi, umemwita Waziri? Si ndiyo nitainywa mbele ya nchi nzima?"

"Utakula alichofungua mgeni wako, mjukuu wangu. Kifungu cha tisa."

"Na akifungua?"

"Akifungua utainywa. Wewe mnyonyeshe mtoto."

Sikulala vizuri siku zile mbili, nikuambie ukweli. Kumwamini mtu mkubwa si kazi ndogo.

*

Siku ya saba nilimtoa samaki kwenye boksi tangu alfajiri. Aliyeyuka mpaka saa nne, akatoa maji ya rangi ya maji ya betri. Nikamweka chunguni na ndimu nne, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Kwa saa tatu alichemka na hakubadilika. Pembe zake nne za boksi alibaki nazo. Povu likapanda, harufu ikawa kama ya sakafu ya hospitali iliyotoka kupigwa deki. Paka wetu alikuja mpaka mlangoni, akanusa, akageuka akaketi kutazama ukuta.

Uani, kwa ajili ya sisi watu wa nyumbani, nilikuwa na chungu kingine cha maharage. Maharage ya njano, yale yanayoiva yakapasuka, na kitunguu, na nazi niliyoikuna mwenyewe. Upepo siku hiyo ulikuwa ukitoka uani kuja sebuleni. Upepo siuamuru mimi.

Waziri akaja na wapiga picha watatu na katibu mmoja. Fidelisi alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda, daftari wazi, penye mstari ulioandikwa *Chungu kilichofunguliwa na mgeni*. Siwema alikaa mkekani na mtoto, bakuli lake tupu mbele yake. Nilimwona amelishika kwa mikono miwili.

Waziri akasema maneno mazuri juu ya akina mama. Akasema maneno mazuri juu ya bahari. Kisha nikampakulia mezani. Kipande kilikaa katikati ya bakuli kama kipande cha sabuni kwenye beseni.

"Karibu, Mheshimiwa. Tufungulie."

Akashika kijiko. Kamera zikasogea. Akaipuliza supu. Akaipuliza tena. Ilikuwa imekwisha poa.

"Mama," akasema, "nimetoka kula sasa hivi."

"Tunajua, Mheshimiwa. Asubuhi, mchana na jioni. Funda moja tu."

"Katibu wangu huyu huwa anafungua kwa niaba yangu."

Katibu akarudi hatua moja nyuma, akagota kabatini.

"Desturi haina katibu, baba," nikamwambia kwa upole.

Akainua kijiko mpaka kidevuni. Akakishusha. Akatoa leso, akafuta jasho, akasema daktari wake amemkataza vitu vya moto. Nikasema kimepoa. Akasema amemkataza pia vilivyopoa. Mtoto akaanza kulia, kile kilio chembamba cha njaa, na Siwema akamtikisa bila kuondoa macho kwenye kijiko. Kalamu ya Fidelisi ilikuwa juu ya mstari, wino unataka kudondoka.

Mimi nilikaa tu, mikono mapajani. Nimesubiri mvua miaka miwili, nimesubiri umeme miaka tisa, nimesubiri marehemu mume wangu aombe radhi mpaka akafa. Siwezi kushindwa kusubiri kijiko.

Mpiga picha mmoja akauliza, "Mheshimiwa, turudie?"

Pua ya Waziri ilikuwa imegeuka kuelekea uani. Upepo uliingia tena, na nazi, na kitunguu. Akakiweka kijiko chini, polepole, kando ya bakuli, akalisukuma bakuli kwa kidole kimoja mpaka likafika ukingo wa meza. Sauti yake ile nzuri ilipotoka, ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyerudi kutoka shule.

"Mama. Kile cha uani ni nini?"

"Ni maharage, Mheshimiwa. Ya nazi. Tusamehe."

Fidelisi akamtazama Waziri, kalamu tayari. Siwema akalisogeza bakuli lake mbele kidogo.

"Basi niletee hayo," akasema Waziri. "Tangu nimeingia humu ndani, mama, mimi nilikuwa nataka maharage."